Uso kwenye Gunia la Pilipili

8 Februari

Asubuhi amenipigia simu Djuidje. Sikuitambua sauti, nilidhani ni yule mteja wa kadi za harusi anayenisumbua. Akasema, "Ewane, bado unaandika herufi nzuri?"

Hapa Douala hakuna anayeniita Ewane. Mimi ni Anicet, au fundi, au yule bwana wa mabango. Walioniita kwa jina la baba ni wale niliosoma nao sekondari kule Nkongsamba, na kati yao ni mmoja tu aliyelitamka akiuvuta mwisho wake, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Miaka ishirini na saba.

Analima pilipili manga nyeupe huko Penja. Nilijua. Nilijua pia kwamba mumewe, Hilaire Noubissi, alifariki mwaka juzi. Sikwenda kuzika. Sasa anataka lebo ya chupa, boksi la zawadi na kipeperushi cha kurasa nne, vyote viwe tayari kabla ya maonyesho ya wanunuzi hapa Douala, tarehe 14 Juni. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Hata bei sikuitaja, mimi ambaye hutaja bei kabla ya salamu.

Nikiwa natoka kununua wino nimenunua na daftari hili. Kuna mambo sina wa kumwambia.

15 Februari, Penja

Alikuja kunipokea barabarani, kavaa buti za mpira na kanga ya kazi. Vidole vyake vyeusi kwa utomvu.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe una mvi."

"Mvi zangu nimezifanyia kazi."

Akageuka akatangulia. Anatembea haraka, hangoji mtu. Kila mpilipili umepanda juu ya mti wake ulio hai, mstari baada ya mstari, na mashada yameanza kuwa mekundu nchani. Alinieleza mambo mengi, ya udongo mweusi, ya maji, ya wachumaji na ngazi zao. Sikushika hata moja. Nilikuwa natafuta ndani ya yule mama msichana ninayemfahamu, na kila nilipodhani nimempata alikuwa ameshahamia mstari mwingine.

Ghalani nikakuta wengine wawili wa nyumba hiyo. Mama Régine, mamake marehemu, amekaa kwenye kiti kifupi anachambua punje kwa vidole kwa sababu macho hayamtoshi. Na Magloire, mdogo wa marehemu, msimamizi wa kuloweka pilipili matangini. Huyo alinitazama mkobani.

"Ndiye huyu fundi wa Douala? Nilidhani atakuja na mashine. Kumbe ana penseli."

"Penseli ndiyo huanza," nikasema.

"Kwetu huanza jembe."

Magunia yao ya siku zote yana sura ya Hilaire, imepigwa kwa wino wa kijani, anatabasamu. Picha mbaya, jicho moja limezama. Chini yake: NOUBISSI, PILIPILI YA PENJA. Nimeona aibu kuandika hili, lakini nimeahidi kutojidanganya humu: nilimwonea wivu mtu aliyekufa, tena wa wino.

16 Februari

Mapema nimerudi Douala. Shati langu linanuka pilipili. Sijalifua.

22 Februari

Nimejaribu aina tisa za herufi. Zote zinafaa sabuni.

1 Machi, Penja

Nimewapelekea michoro mitatu. Nikaitandaza kwenye meza ya kuchambulia, nikaweka vijiwe vinne kwenye pembe za kila karatasi ili upepo usizichukue. Wa kwanza una jani na shada. Wa pili una mlima. Wa tatu ni herufi tupu. Yote ina jina alilonipa yeye kwenye simu: Zénobie Djuidje, mkulima, Penja.

Magloire aliangalia mmoja baada ya mwingine. "Kaka yangu umempeleka wapi?"

Nikamtazama Djuidje.

"Hayupo, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana."

"Shamba la nani hili?"

"La aliyelima. Alilima yeye, nikalima na mimi. Yeye amepumzika."

Mama Régine aliinuka, akachukua gunia tupu lililokuwa ukutani, akaondoka nalo kifuani kama aliyebeba mtoto.

Baadaye, tukiwa peke yetu kwenye matangi, Djuidje alinieleza. Msimu uliopita mnunuzi mmoja alikuja akiwa ameona gunia sokoni. Djuidje alikuwa kliniki na mkwewe. Mnunuzi akamkuta Magloire, ambaye amefanana na marehemu kama shilingi kwa ya pili, akamlinganisha na gunia, akampa mkono: Bwana Noubissi, tumekutana hatimaye. Magloire akatia sahihi. Pilipili yote bora ya msimu ikaondoka kwa masharti ambayo mwenye akili asingeyakubali.

"Nikiandika barua kwa wanunuzi," akasema, "wananijibu, mpendwa Bwana Noubissi. Nikienda benki wananiuliza kama Bwana yuko nje. Nimechoka kuwa nje, Ewane."

Watu wa aina ya Magloire nawajua tangu zamani: mwenyewe hali, na hataki mwenziwe ale. Nimeamua simpendi.

9 Machi, Penja

Mvua ya kwanza. Ilikuja bila salamu, saa nane mchana, pilipili ikiwa imeanikwa kwenye turubai uwanja mzima. Wote walikimbia, wachumaji, Mama Régine na fimbo yake, Magloire akipiga kelele kama anayefukuza nyani. Nilishika pembe ya turubai upande mmoja, Djuidje mwingine. Tukalikunja tukikutana katikati. Alikuwa anahema. Tone la mvua lilikuwa limesimama juu ya nyusi yake.

"Shika vizuri," akasema, "usiniangalie mimi, angalia kona yako, inamwaga."

10 Machi

Kweli ilikuwa inamwaga.

18 Machi, Penja

Leo ni siku ya kufungua magunia yaliyolowekwa siku kumi. Hakuna aliyenionya juu ya harufu. Ganda jekundu limeoza, wanalisugua kwa miguu na mikono ndani ya maji yanayopita, na harufu yake inakaa puani mpaka kesho. Kisha kutoka kwenye uozo ule zinatoka punje safi, rangi ya meno ya mtoto. Djuidje aliingia tangini mwenyewe, kanga imefungwa gotini. Nilichora miguu, mikono, ngazi, matangi. Kurasa kumi na moja.

Nimerudi Douala usiku, na mpangaji mwenzangu kaniuliza kama nimefanya kazi machinjioni.

29 Machi, Penja

Kipeperushi kinahitaji hadithi. Wanunuzi wa pilipili ghali hawanunui pilipili, wananunua hadithi iliyo ndani ya pilipili. Ndivyo nilivyomwambia, kwa sauti ya kitaalamu. Basi leo nilikaa naye barazani na daftari, nikamuuliza ilianzaje.

Alicheka kwanza. Akasema alipokuja Penja kufundisha shule ya msingi alikuwa na miaka ishirini na mbili. Hilaire alikuwa na kipande cha ardhi ambacho watu walisema kinaota mawe. Alipanda mipilipili mia tatu, ikafa mia mbili, akapanda tena. Kila Jumamosi alimletea pilipili imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Kila Jumamosi.

"Nikamwambia, Bwana, nina pilipili ya kutosha kulisha kambi ya jeshi. Akaniambia, basi mwalimu, nitakuletea karatasi tupu. Na Jumamosi iliyofuata alileta karatasi tupu, imekunjwa vilevile. Nikaifungua mbele yake. Hakuna kitu. Nikajikuta natafuta punje kwenye mikunjo, nimehuzunika. Akasema, ahaa."

Akacheka tena. "Ndiyo hivyo. Ile ahaa ndiyo iliyonioa."

Niliandika yote. Nina miaka karibu thelathini ya kuandika nisiyoyahisi. Lakini haya niliyahisi. Miaka ile yeye akitafuta punje kwenye karatasi ya mtu mwingine, mimi nilikuwa juu ya ngazi mtaa wa Akwa ninapaka rangi jina la duka la viatu, nikijiambia kwamba nikipata chumba kizuri nitamwandikia. Nilipata chumba. Nikajiambia nikipata meza.

Akaniuliza, "Na wewe, Ewane, una nani?"

"Nilikuwa na mke. Tuliachana vizuri."

"Watu huachana vizuri?"

"Wasiogombania kitu huachana vizuri."

Akaniletea mboga ya ndolé na vijiti vya muhogo vya miondo, akakaa mpaka nikamaliza, kama wanavyofanya wake za watu kwa wageni.

31 Machi

Hadithi imekamilika. Sentensi kumi na mbili juu ya mapenzi ya mwanamume mwingine, na ni nzuri. Sijapata kuandika kitu kizuri kama hicho kwa jina langu.

6 Aprili

Mvua. Nimempigia kuuliza kama wamewahi kuanua. Wamewahi.

7 Aprili

Mvua. Nimepiga tena. Akasema, "Ewane, hapa tuko watu kumi na wanne, wote tuna macho."

12 Aprili

Nimefanya jambo bila kuagizwa. Badala ya shada na jani, nimemchora yeye. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi na nikasahau kula. Mwanamke anapokea shada la pilipili kwa mikono miwili, uso umeinama kidogo, shingo wazi. Sikutumia michoro ya shambani. Mkono uliijua njia. Nikaipaka rangi tatu tu, nikaiweka kwenye lebo, nikaivisha chupa, nikaiweka dirishani. Nimekaa naitazama mpaka jua likahama.

Hii ndiyo lebo. Mtu yeyote akiiona atanunua.

19 Aprili, Penja

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliiweka chupa mezani mbele yao wote. Nilijua ni nzuri, nikangoja.

Magloire aliinyanyua, akaigeuza. Nilitarajia kejeli. Akauliza tu, kwa mshangao wa kweli, "Huyu ni nani?"

Mmoja wa wachumaji akasema, "Si binti wa Mama Djuidje, yule aliye masomoni?" Mwingine akasema, binti hafanani hivyo, huyu mzuri zaidi. Wakacheka. Mama Régine akaomba apewe, akaileta karibu kabisa na jicho lake zima. Akakaa nayo. Kisha akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, akairudisha mezani polepole. "Mwanangu," akaniambia, "umekula?"

Djuidje alichukua chupa, akaniashiria nimfuate mpaka nyuma ya ghala, pale pilipili ilipoanikwa. Akapiga magoti akaanza kuigeuza kwa viganja, nami nikasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mtu huyu ana miaka mingapi?" akauliza.

"Sijafikiria umri."

"Ana miaka kumi na tisa. Hajawahi kuona pilipili ikiwa mtini. Hajazaa, hajazika. Mikono yake haina hata kovu." Akainua mkono wake. Kuna kovu refu kwenye kiganja cha kushoto. Nimechora mikono ile kurasa kumi na moja na sikuliona. "Hivi ndivyo unavyoniona, Ewane?"

"Ndivyo ninavyokukumbuka."

"Basi si kitu cha kubandika kwenye chupa. Wanunuzi hawana haki ya kuona hivyo. Hata mimi sijui kama nina haki."

Nikamwambia samahani. Akaendelea kugeuza. Nilidhani yamekwisha, lakini akasema bila kuniangalia:

"Nilingoja barua yako mwaka mzima na miezi miwili. Karani wa posta ya Nkongsamba alianza kunionea huruma. Akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza, asinichoshe miguu."

"Nilifeli mtihani wa mwisho wa sekondari, Djuidje. Wewe ulifaulu."

"Najua. Majina yalibandikwa ukutani, nilitafuta la kwako kabla ya langu. Mtihani ulikushinda, sawa. Na kalamu nayo ilikushinda?"

Miaka ile niliona haya, nikaamua aibu yangu ni kubwa kuliko kungoja kwake; nikaishi juu ya uamuzi huo miaka ishirini na saba, nikiuita unyenyekevu.

"Nichoree pilipili," akasema, akasimama akajikung'uta magoti. "Pilipili tu. Na jina langu liwe kubwa."

20 Aprili

Sikufanya kazi.

21 Aprili

Sikufanya kazi.

25 Aprili

Mteja wa kadi za harusi amekuja kuchukua kadi zake. Ameridhika. Bibi harusi aliyekuja naye anaitwa Fleurette, herufi F yangu ina mkia mrefu. Wameshikana mikono muda wote nilipokuwa nawahesabia kadi.

3 Mei

Mvua siku nzima. Sikupiga simu. Nilishika simu.

13 Mei, Penja

Nimekuwa hapa tangu tarehe 10. Leo ndiyo nimepata kukaa niandike.

Djuidje alipiga yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na magunia kumi na moja yalikuwa yameshaoshwa. Pilipili iliyooshwa isipokauka ndani ya siku tatu hupata ukungu na kuwa ya kijivu, na ya kijivu hainunuliwi na mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa pilipili ya maonyesho. Alisema tu, "Nina uhaba wa mikono." Nikafunga chumba, nikaenda.

Katekista alikuwa ametoa kanisa lao dogo. Mabenchi yalisukumwa ukutani, mashuka ya nyumba nzima yakatandikwa sakafuni, pilipili ikamwagwa nyembamba kama mchele wa kuchambua. Feni nne za kuazima. Haifai moto, moshi huingia ndani ya punje na hautoki. Kwa hiyo ni mikono: kila nusu saa igeuze yote, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, kisha uanze tena mlangoni. Mabati juu yanapigwa na mvua mpaka watu wanaongea kwa ishara.

Mimi na Magloire tulipangwa mstari mmoja. Siku ya kwanza tuligeuza tu. Ya pili, mvua ilipopungua tukasikilizana, akasema, "Nyanyua vidole. Unaiswaga kama mbuzi." Akanionyesha. Ana mikono mizuri kwa kazi ile, mizito na mipole.

Baadaye akasema, bila mimi kumuuliza:

"Alikueleza habari ya sahihi."

"Alinieleza."

"Yule mnunuzi aliniita Bwana Noubissi." Akageuza pilipili hatua nzima kabla hajaendelea. "Mimi sijawahi kuitwa hivyo. Bwana Noubissi alikuwa baba, halafu akawa Hilaire. Mimi ni Magloire. Magloire leta maji, Magloire angalia tangi. Mtu kanishika mkono kwa mikono miwili akaniita Bwana Noubissi, nikaona nikimkatalia nitakuwa namuua kaka yangu mara ya pili. Nikatia sahihi. Ni upumbavu, najua."

Nikamwambia nimewahi kufanya upumbavu mkubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

"Mimi nikinyoa ndevu namwona," akasema. "Mama hana pa kumwona. Picha nyingine ni ya kitambulisho, ndogo kama kucha. Ile ya guniani ni kubwa, anaipapasa. Unafikiri nilikuwa nagombania shamba?"

Nilikuwa nimefikiri hivyo. Niliandika humu. Nimerudi nyuma nikaisoma ile sentensi ya tarehe 1 Machi, sijaifuta. Acha ikae inione.

Siku ya tatu jua lilitoka saa tano. Tulibeba mashuka nje watu wanane wanane. Magunia mawili yalikuwa yameharibika. Tisa yamepona, meupe. Djuidje alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akavua buti, akatazama vidole vya miguu yake vilivyonyauka kwa maji. Magloire akasimama mbele yake.

"Shemeji, weka jina lako."

"Sikuwa naomba ruhusa."

"Najua. Nimesema tu."

Djuidje akamsogezea nafasi kwenye ngazi. Wakakaa pamoja. Nilimwangalia mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, ana tope mpaka mapajani, amechoka, uso umevimba kwa kukosa usingizi, na nikagundua kwamba yule wa miaka kumi na tisa simtafuti tena. Ingekuwa nafuu kama ningeendelea kumtafuta.

24 Mei, Penja

Nilimwomba Magloire akae kwenye kiti karibu na dirisha, nikachora. Anakaa vibaya, kama mtu anayenyolewa. Mama Régine alikaa pembeni yangu, akiniongoza.

"Hilaire alikuwa na nyusi juu zaidi. Hapo. Mdomo usiufunge, alikuwa hafungi mdomo, toka utotoni ulikuwa hivyo, kama anayetaka kukuambia kitu."

"Hivi, Mama?"

"Zaidi kidogo."

Djuidje aliingia na ndoo, akasimama mlangoni. Aliweka ndoo chini akatoka nje, na nilipotazama dirishani alikuwa ameegemea mpilipili, mgongo kwetu, mabega yanatikisika. Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nikamalizia jicho la pili, lile lililokuwa limezama guniani. Nililichora kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Kama kulikuwa na deni lolote kati yangu na mtu huyo, sikujua njia nyingine.

Picha kubwa ni ya Mama Régine, kwenye fremu. Ndogo itakaa ndani ya kipeperushi, kando ya hadithi ya karatasi tupu. Djuidje amekubali zote mbili. Chupani ni shada la pilipili, na jina.

3 Juni

Kwenye mashine ya Pa Ngando, mpiga chapa wangu wa siku zote. Karatasi ya kwanza ya majaribio kijani kilikuja kizito, akapunguza. Ya tatu ikawa sawa. Herufi za jina sikuzitoa kwenye kompyuta, nilizichora moja moja kwa mkono. Pa Ngando alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Mwenye jina hili ni nani yako?"

"Mteja."

"Mteja," akarudia, kama aliyeonja mchuzi usio na chumvi. Akawasha mashine.

15 Juni

Maonyesho yalikuwa jana na leo. Meza yao ilikuwa kona ya mbali, lakini watu walifika. Chupa zilisimama vizuri. Nimeona wanunuzi watatu wakisoma kipeperushi wakiwa wamesimama, na mmoja, mama mtu mzima, alipofika kwenye karatasi tupu alicheka peke yake.

Jana saa nne alikuja mtu mmoja mwenye suti, mkubwa wa maduka kadhaa ya vyakula. Magloire alikuwa mbele, kavaa shati jeupe. Mtu yule akamnyooshea mkono.

"Bila shaka wewe ndiye mwenye shamba."

"Mimi ni shemeji yake," akasema Magloire. "Mwenye shamba ni yule pale, Mama Djuidje. Zungumza naye. Mimi naweza kukueleza maji."

Walizungumza saa nzima. Sikusikia. Niliona mikono yake ikieleza, lile kovu likienda na kurudi, na nikaona yule bwana akisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayejua atakosa kitu akipepesa. Mkataba umetiwa sahihi leo mchana. Sahihi moja.

Jioni hii tulikuwa tunapakia maboksi kwenye gari. Magloire amekwenda kutafuta kamba. Djuidje akakaa kwenye ubao wa nyuma wa gari, miguu inaning'inia.

"Ewane, una neno tangu Februari. Linakuchosha wewe na linanichosha mimi. Liseme."

Nikalisema. Sitaliandika hapa, lilikuwa fupi na nililitamka mara moja. Nilisema kwamba si la yule msichana, ni la huyu aliyekaa hapa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuinamisha macho.

"Ahsante," akasema. "Lingekuwa la yule msichana ningekasirika." Kisha akashika mkono wangu akauweka juu ya goti lake, kama mtu anayemwambia mwenziwe habari za hospitali. "Nikiamka asubuhi bado nageukia upande wake. Kila asubuhi. Nasogeza shuka nisimwamshe. Sijui itaisha lini, na sitaki mtu angoje nje ya mlango wakati mimi sijui. Nimewahi kungoja. Ni kazi mbaya."

"Kwa hiyo ni hapana."

"Ni hapana, Ewane. Na nimefurahi umekuja."

Magloire akarudi na kamba. Tulifunga mzigo watatu, Djuidje akakaa katikati ya dereva na Magloire, wakaondoka.

21 Juni

Watu husema ukishalitoa neno moyoni utapona. Sikupona. Nina wiki nzima nakula nusu sahani, na jana nilikaa juu ya kitanda na kiatu kimoja mguuni mpaka adhana ya mchana.

Ila leo asubuhi nilisimama katikati ya chumba changu nikatamka jina lake kwa sauti. Jina lake lote, Zénobie Djuidje, kama mtu anavyomtaja mtu anayempenda. Kwa miaka ishirini na saba sikuweza kulitamka bila kuona haya. Nililitamka mara mbili. Kisha nikavaa kiatu cha pili, nikaenda kununua mkate.